Shubiri Moja ya Hewa

Agosti, mji wa Beja, saa tisa alasiri.
Huku watu hulifungia jua nje
na kukaa gizani mpaka lichoke lenyewe.
Dona Ermelinda alinipigia simu:
"Inaimba santuri mbili, ya tatu inazimia.
Si kuzima, fundi. Kuzimia."

Nikapanda ngazi na mkoba wangu:
bisibisi, mita, chupa ya spiriti,
brashi ya rangi isiyowahi kuonja rangi.
Amplifaya ilikuwa kabatini, nyuma ya mlango wa kioo,
kushoto ensaiklopidia, juzuu kumi na mbili,
kulia king'amuzi, nacho kina homa yake.
Juu, kitambaa cha kufuma, nyota kumi na sita za uzi mweupe.
Juu ya kitambaa, Firmino, marehemu, ndani ya fremu ya fedha.
Mbele ya Firmino, maua ya plastiki
na kimshumaa cha betri kinachojifanya kupepea.

Nikaigusa kwa mgongo wa kiganja,
kama umpimavyo mtoto usiku.
Nikautoa upesi.

"Mama," nikasema, "chombo hiki hakina pumzi.
Umeme hauondoki bure kwenye transista,
huacha joto, na joto lina dini moja: kupanda.
Likikuta tundu, linakwenda zake.
Likikuta nyota zako kumi na sita
linarudi chini, linajilimbikiza,
mpaka chombo kijikate chenyewe kisife."

Akakaa. Akacheka, kicheko cha puani.
"Miaka thelathini na minane tuligombania kitambaa hiki.
Natandika, anatoa. *Linda, iache ipumue.*
Alikitoa Krismasi. Alikitoa siku ya harusi ya binti yetu,
wakwe wamekaa hapo ulipo, wanatazama.
Februari tulipomzika,
nilirudi na koti mwilini, sijavua hata glavu,
nikakitandika.
Nikamweka na yeye juu yake.
Nikamwambia: haya, kitoe sasa."

Kuna kimya ambacho fundi hakitozi pesa.
Nikafungua skrubu. Ndani, kati ya mapezi ya alumini,
vumbi limelala kama blanketi la kijivu,
na manyoya ya paka, mengi, ya rangi ya chungwa.
Nikapiga brashi. Nikapuliza. Nikapiga chafya.
Nikauliza: "Miguu yake iko wapi?"
"Miguu?"
"Imelalia tumbo. Hewa haiingii chini."
Akakumbuka vizibo vinne vya mvinyo
alivyovikata Firmino kwa kisu cha jibini,
akaviweka pembe nne, kimoja kimezidi urefu,
chombo kikawa kinachechemea kidogo.
"Nilidhani takataka. Nilivitupa."

Tulikata vipya jikoni.
Nchi hii mialoni yake huvuliwa magome ikaota mengine,
vizibo havikosekani.
Ensaiklopidia tulizihamishia sakafuni.
Mlango wa kioo niliung'oa bawaba, nikauegemeza ukutani.
Kisha nikatanua mkono juu ya chombo,
kidole gumba mpaka kidole cha mwisho:
"Hii hapa. Shubiri moja. Hapo pasikae kitu,
hata mtakatifu."

Picha aliipeleka mwenyewe kwenye rafu ya dirisha.
Kitambaa alikishika muda mrefu, bila pa kukiweka,
akakitandika juu ya mkono wa kile kiti
ambacho sikukalia, ingawa hakuna aliyenikataza.

Santuri ya tatu. Ya nne.
Alinyoosha kiganja juu ya matundu.
"Vuguvugu," akasema. "Kwa hiyo alikuwa na haki."
"Ya hewa, ndiyo."
"Mpumbavu yule," akasema, na mkono hakuutoa.

Alinilipa nusu, na tini mbichi kwenye mfuko wa mkate.

Desemba, simu tena. Baridi, sauti ya chini:
"Fundi, paka analala juu yake. Nimfukuze?"
Nilijua jibu. Liko kwenye kila kijitabu cha maelekezo.
Nikamuuliza: santuri ngapi?