Wati Themanini na Tisa

Kiti ni cha shule, tumekiazima darasa la tatu,
sentimita arobaini na tatu kutoka sakafuni.
Nimekiegemeza ukutani kisije kikateleza.
"Kunja mikono kifuani," namwambia, "kama mtu aliyenuna.
Simama, keti, mara tano, upesi uwezavyo."
Kabugho ananitazama kama vile namuuzia mbuzi kilema.

"Bila kushika popote?"
Bila kushika popote.
"Na nikianguka?"
Nipo.
"Wewe? Kwa mikono hiyo ya kalamu?"

Chini yetu Nyamwamba unasaga mawe yake,
mto uliokula daraja ukatafuna na nyumba,
leo umetulia kama mgeni aliyeshiba.
Nabonyeza saa.

Moja. Goti linaalika kama ukuni mkavu.
Mbili.
Tatu, na kitenge kinalegea kiunoni,
mkono unataka kwenda kukifunga, anaukataza.
Nne. Hapa ndipo umri ulipojificha:
si katika kuketi, maana kuketi ni kuanguka kwa adabu,
ila pale katikati, kiti kimeshaachwa
na kusimama hakujafika,
paja linatetemeka kama mtu anayesaka jina
la jirani amjuaye tangu utotoni.
Tano.

Sekunde kumi na saba.

Nilifundishwa hivi: nguvu hazihami nyumba siku moja.
Wepesi ndio hutangulia na mkeka wake.
Mtu bado aweza kujitwika debe la kahawa mbichi
toka shambani Kyanjuki hadi mizani;
asichoweza ni kuwahi.
Kuwahi unyayo ukiteleza,
kuwahi mjukuu akikimbilia barabarani,
kuwahi, tuseme wazi, choo.

"Basi hicho ndicho mngepima," anasema.
"Kwangu nani huketi kitini? Kiti ni cha mchungaji na cha matanga.
Nipime nikichuchumaa usiku wa mvua,
tochi mdomoni,
nikijivuta kwa ule msumari nilioupigilia mwenyewe."
Fomu haina mahali pa msumari.
Naandika pembeni: msumari.

Kisha uzito, kilo hamsini na mbili.
Kimo. Urefu wa kiti. Nazidisha, nagawanya,
simu inanisaidia kama mtoto mwenye kiherehere.
"Wati themanini na tisa."

Anacheka hadi anashika kiti; sasa anaruhusiwa.
Marehemu Masereka alikuwa fundi umeme wa mgodi,
miaka kumi na minne akibadilisha balbu ndani ya mlima,
akirudi na shaba chini ya kucha.
Wati yeye anazijua kuniliko.
"Themanini na tisa! Taa ya mlango wa handaki ilikuwa mia.
Angenipeleka stoo, yule."
Anafuta macho kwa ncha ya kitenge.
"Na siku naolewa, nilikuwa ngapi?"

Nikapekua karatasi zangu, kana kwamba zingejua.

Nikamwachia dawa isiyo na chupa:
mara kumi asubuhi, mara kumi jioni,
kupanda kwa haraka, kushuka taratibu.
Akivaa ndala akaniambia, bila kuniangalia,
kanisani wimbo ukianza wote husimama.
"Mimi hufika ubeti wa pili."

Wiki sita baadaye niliketi benchi la nyuma yake.
Ngoma ikagongwa, watu wakainuka wote kwa pamoja.
Vidole vyangu vikatafuta saa.
Nikavitia mfukoni.
Mgongo wake uliinama, ukangoja,
ukapanda.
Walikuwa bado kwenye ubeti wa kwanza, mstari wa mwisho,
ingawa siwezi kuapa:
huenda mwalimu wa kwaya siku hiyo
alianza polepole.