Unyevu, Asilimia Sabini na Moja

Mji wetu unaitwa Mashua,
ila mito yake ilishazikwa chini ya lami
ili viwanda vya pamba vipate pa kusimama.
Wageni huja Łódź wakauliza: maji yako wapi?
Leo ningewajibu: yako hewani.
Kipimo cha ukutani kinasoma sabini na moja kwa mia,
nami nimeamka saa kumi alfajiri kuja kusokota.

Si gurudumu, si pamba, si kidole cha mtu.
Bomba la sindano, sentimita kumi na tano za hewa tupu,
na volti elfu kumi na nane katikati.
Polima inachungulia kama kamasi ya mtoto,
inasita,
inachongoka,
halafu umeme unaikwida
nayo inakimbia ikijipinda, ikijichapa yenyewe,
hadi inatua juu ya ngoma
(ngoma isiyolia, iliyovishwa karatasi ya alumini)
ikiwa nyembamba mno hata unywele wangu kando yake ni gogo.
Huoni uzi. Unaona ukungu mweupe
unaozidi kuwa mweupe.

Mama yangu, Genowefa, alisimama miaka thelathini na mmoja
mbele ya mitambo ya kufuma, vituo viwili vya tramu kutoka hapa.
Kiwanda sasa ni maduka ya viatu na kahawa.
Masikio yake aliyaacha humo.
Walisomana midomo, wanawake wote wa zamu ya usiku,
wakawasengenya mameneja mbele ya mameneja.

Nilipomweleza kazi yangu alinikazia macho mdomoni,
akadhani amekosea kusoma.
"Kitambaa kinachooza?"
Kinayeyuka, mama. Mwilini. Ngozi changa inakitambalia
kama maharage kwenye kijiti,
ikishajiweza, kijiti kinaondoka.
"Sisi tulikatwa mshahara kwa shuka iliyochanika mapema,
ninyi mnalipwa kwa isiyofika Krismasi!"
Akacheka hadi akashika ubavu.
Kisha akashusha soksi.

Kidonda kiko juu ya kifundo, mguu wa kushoto.
Sukari inakizuia kupona, mwaka wa pili huu.
Upana wa sarafu ya zloti tano: nilikipima kwa jicho,
kwa mazoea ya kazi, nikajichukia.
"Nikatie kipande," alisema.
Safari hii hakucheka.

Hakikatwi. Bado tuko kwa panya.
Daktari Ziemowit ana jalada la vibali nene kuliko mto wa kulalia,
na yuko sahihi, na najua yuko sahihi:
hatujui mabaki ya kiyeyusho yatamfanya nini
mtu wa miaka sabini na minane.
Lakini juzi nilibaki peke yangu na kibanio,
na kipande cha sentimita nne kikanirukia kidoleni,
kwa chaji tu, kwa umeme uliosalia,
kikaning'ang'ania kama kinachojua njia ya nyumbani kwetu.
Nilisimama nacho dakika nzima.
Nikakirudisha kwenye kisahani.
Nikaandika namba yake.

Na leo hewa ina maji.
Chini ya hadubini nyuzi zimeota shanga,
vitone vilivyochoka njiani
vikakataa kunyooka.
Ziemowit ataziita kasoro, na kazi ya siku nzima jalalani.
Mama angeuliza zinauzwa bei gani.
Nimezitazama muda mrefu kuliko ripoti inavyotaka.

Jioni nitapita kwake na chachi za duka la dawa,
pamba tupu, ile ile ya zamani, isiyojua kuondoka.
Nitabandua ya jana. Itaganda. Itamwuma.
Naye, macho mdomoni mwangu, atauliza, "Bado?"

Bado, mama.
Nitalitamka polepole, bila sauti,
alione neno lote.