Mwavuli wa Shaame

Nilipoingia eda, mifereji ya Utaani ilikuwa ikipiga kelele
na tope limefika kizingitini.
Miezi minne na siku kumi
nikaujua mji wa Wete kwa masikio tu:
pikipiki ya muuza mkate,
watoto wa chuoni wakiivuta alifu mpaka ikatike,
kunguru, kunguru, kunguru.

Leo nimeoga. Nimevaa baibui jipya
ambalo Time kanishonea refu kama la harusi,
nikatoka.
Nilidhani nitatazama watu.
Nikatazama chini:
sisimizi wanaupanda ukuta wa jirani,
kila mmoja na yai lake,
jeupe, dogo kuliko chenga ya mchele.
Nani aliyewaambia wahame?

Upepo wa kusi umechoka.
Unainua ncha ya baibui,
kisha unasahau ulitaka kuifanyia nini.

Mkungu wa posta umevua kila kitu.
Niliuonea haya, kisha nikasogea:
kwenye ncha za matawi
vichipukizi vimesimama wima,
vidole vya mtoto darasani
anayelijua jibu na hajaitwa.

Na kwenye mteremko, kando ya lami, jamvi.
Moja tu.
Karafuu mbichi, hazijai pishi mbili,
na kijana kawekwa azilinde na kuku,
naye kalala, kuku kamkalia miguuni.
Harufu haijafika hata ng'ambo ya barabara.
Lakini pua iliyokatazwa manukato miezi minne
haina subira.
Nilisimama pale mpaka mwenye gari akapiga honi.

Wanaonijua wananipa pole.
Wasionijua wananipa njia.
Mmoja aliuliza nakwenda wapi, nikamwambia:
kuchukua mwavuli.
Akatazama juu, akanitazama mimi, akanyamaza.

Shaame aliupeleka kwa Fundi Mcha siku ya Jumanne,
ubavu umevunjika.
Akarudi ameloa chapachapa, anacheka,
"Mvua haina mwenyewe."
Ijumaa tukamzika baina ya manyunyu mawili.

Fundi hakuniangalia usoni.
Aliutoa nyuma ya cherehani,
umefungwa kwa uzi wa gunia,
na kikaratasi: *Shaame, ubavu 1.*
"Nilijua utakuja kabla ya vuli," alisema.
"Wiki mbili. Zikizidi, tatu.
Jongoo wangu keshatoka."
Kweli, alikuwepo hapo mlangoni, kajikunja,
kifungo cheusi kilichodondoka kwenye koti la mtu.

Pesa hakutaka.
Nililipa.
Deni la maiti halisamehewi kwa haya.

Nyuma ya skuli nikaufungua.
Jua kali, wingu hata la dawa halipo.
Wanafunzi wakachekana: bibi yule anaogopa kuungua!
Sikuwajibu. Nilikuwa nausikiliza ubavu mpya,
unavyolia tofauti na wenzake saba,
unavyojifunza.

Nikapita chini ya mwembe ulioanza kuchanua,
nyuki juu wamejaa kama redio isiyoshika stesheni.
Kitu kikagonga kitambaa.
Kimoja.

Labda ua. Labda kunguru kanifanyia yake.
Sikuukunja kuangalia.
Nilisimama, mkono umekaza mpini
pale alipokuwa akiushika yeye,
nikingoja cha pili.