Kona Iliyoliwa

Mwalimu Ndeonasia alichora mstatili ubaoni,
chaki ikalia, akaandika pembeni: MZINGO.
"Ni safari ya sisimizi," akasema,
"anayefuata ukingo wa meza bila kukatisha
mpaka akanyage pale alipoanzia."
Tukanakili: urefu mara mbili, upana mara mbili, jumlisha.
Kazi ya nyumbani: pima umbo lolote lililo kwenu.

Wenzangu walipima godoro, mlango, meza ya redio.
Mimi nilipima kihamba.

Kamba ya ng'ombe, fundo kila mita,
mdogo wangu Elirehema kashika ncha, analalamikia upupu.
Tulianzia kwenye sale la mferejini.
Arobaini kwa chini, thelathini kupanda,
arobaini tena, thelathini kushuka.
Kidia ni mteremko mtupu;
mita ya kupanda ni ndefu kuliko ya kushuka,
uliza magoti.
Mia moja na arobaini.
Nilipata vema ya wino mwekundu, kubwa kama jembe.

Baada ya Pasaka akaja baba mdogo Eliamani
na panga, na vijana wawili wa kukodi,
akang'oa masale ya kona ya juu
akayapanda ndani, kwetu.
Baba alikuwa na mwaka wa pili chini ya migomba,
hakuamka kubisha.

Balozi alipoitwa, baba mdogo akanisonta:
"Huyu ndiye mtu wa hesabu. Apime."
Nikapima. Arobaini.
Kumi na nane kupanda, halafu kamba ikakata kushoto,
kumi kuingia ndani, kumi na mbili kupanda tena,
thelathini, thelathini.
Nikajumlisha kwenye kiganja kwa kalamu ya Bic.
Nikafuta kwa mate, nikajumlisha upya.
Mia moja na arobaini.

"Mmesikia?" Baba mdogo alicheka hadi gego likaonekana.
"Mzingo ni ule ule! Nimewapunguzia nini?"
Balozi akatikisa kichwa
kama mtu aliyeelewa.

Nilitaka ardhi inimeze na daftari langu.
Namba nilizozilisha mafuta ya taa usiku kucha
zilikuwa zimehamia kwa jirani.

Mama hakujibu.
Aliruka masale mapya, akasimama katikati ya ile kona,
akaanza kugusa kimoja kimoja, kwa sauti:
mshare huu, na huu, na huu wenye mkungu;
mbuni, mbuni, mbuni, hadi tisa;
magimbi ya mama mkwe.
Kisha akamgeukia balozi.
"Kamba inazunguka tu, baba. Wanangu hawali ukingo."

Jumatatu nilimweleza Mwalimu.
Hakujibu upesi. Alifuta ubao wote,
akachora umbo lile, kama fizi iliyong'olewa jino,
akalijaza miraba midogo, safu kwa safu,
na pale penye pengo akaacha weusi wa ubao.
"Hili ni somo la muhula ujao," akasema.
"Linaitwa eneo. Limekuwahi."

Kona haikurudi. Balozi alikunywa mbege kwa baba mdogo
na mambo yakaishia kwenye kata.

Siku hizi nauza seng'enge Moshi mjini, duka la tatu kutoka reli.
Mteja huingia na karatasi: nipe mita mia moja arobaini.
Naushika mkasi, lakini sikati.
Namuuliza kwanza:
ndani kuna nini?