Kupe

Chini ya zulia lake tulikuta gazeti la Kijapani,
limelowa, limegandana kama chapati za jana.
Mama hakulitupa. Alilibandua ukurasa kwa ukurasa,
akalianika ukutani pamoja na nepi za mdogo wangu.

Toyota Cynos. Rangi ya zambarau mbichi. Milango miwili.
Miezi mitatu lilikaa Unguja,
dalali akilisifu kwa sauti inayopungua kila Ijumaa:
watu wanataka gari la kubeba harusi, la kubeba saruji,
la kubeba mashemeji.
Hili litambeba nani?
Basi likamwangukia mkunga wa Wete
kwa karafuu za msimu mmoja na vespa aliyoiuza.

Dada, wakati huo kidato cha nne, akaisoma hati ya forodha:
"Aina: kupe."
"Kupe?" Mama akacheka hadi akakaa kizingitini.
"Yule anayemganda ng'ombe?"
"Huyo huyo."

Kesho yake Shaame Kombo, fundi,
alikwishaandika kwa chaki kwenye bati la gereji:

     Kupe anyonya petroli, asaza damu ya mtu,
     Milango yake miwili, wa nyuma apinda utu,
     Mbio zake si za ghali, hununuliwa na watu,
     Bi Mize hana ajali, gari ndilo lina kutu.

Mama akailipa bili yake pungufu, kwa ajili ya ule mstari wa mwisho.

Shaame ndiye aliyenifunza historia.
Kulikuwa na magari ya mbio, alisema, ya Wataliani,
yanayolala chini ya shuka safi kuliko yangu.
Halafu huko Japani mtu fulani, sijui jina lake,
akachukua mashine ya jamii ya Starlet, mashine ya kuendea sokoni,
akaivika koti la kubana kiuno,
akasema: karani naye ana moyo.
Alifungua boneti. "Tazama, hamna siri.
Pampu ya Starlet naitia humu. Plagi za Starlet.
Hata homa yake ni ya Starlet."
Akajifuta mikono kwa soksi.
"Kombe sijasikia limeleta. Lakini mwalimu, mkunga, muuza duka,
hao lilionjesha kona."

Kona tunazo. Kati ya Wete na Chake zipo za kutosha.
Ila msimu wa vuno karafuu huanikwa hadi ukingoni mwa lami,
na gari lililoumbwa likimbie
huenda mwendo wa bibi harusi,
redio yake ikikoroma, maana namba zake zinaishia tisini
na wasomaji wetu wa habari wanaanzia mbele ya hapo.

Usiku mmoja tu nililisikia likitoa sauti yake yenyewe.
Mtu wa Kiuyu, mimba ya kwanza, mtoto ametanguliza miguu.
Mama alimlaza kiti cha mbele. Mimi nyuma,
magoti masikioni, nimekumbatia begi la mikasi na pamba.
Majamvi kulia, majamvi kushoto,
mshale umepita elfu tano, na Mama hasemi neno,
anabadili gia kama anayechambua mchele.
Harufu ya karafuu ikaingia matunduni mwa hewa.
Haijatoka.

Mtoto hakuzaliwa garini. Wete nzima inasema alizaliwa garini,
mwenyewe anaitikia "Sinosi" mpaka leo.
Nilikuwepo. Alizaliwa hospitali, saa nane kasoro,
na Mama akarudi nje kuzima taa alizozisahau.

Mwaka huu kijana amevuka kutoka Unguja, Ghanim,
viatu vyeupe, simu mbili.
Anasema magari haya sasa yanatafutwa, yamebaki machache.
Akataja bei. Akaitaja tena, imepanda.
Alipiga picha kutu kama anayepiga picha maua.

"Ingia nyuma kwanza," Mama akamwambia.
Akaingia, kidevu juu ya magoti.
Mama akarudisha kiti, akafunga mlango,
akaenda kusali Alasiri.