Bilingani la Januari

Kila Alhamisi napika nisichokijua.
Daftari lipo, jalada lake limelowa mafuta,
na humo naandika jina la chakula, tarehe,
na hukumu ya mama mkwe wangu, Dulmaa,
ambaye hasemi kitamu wala kibaya:
huguna.
Mguno mfupi: tutakula, tusife njaa.
Mguno mrefu: mwanangu aliona nini kwako?
Kimya ndicho kibaya kuliko vyote.
Wali wa nazi ya kopo ulipata kimya
siku mbili.

Januari hii, hapa Darkhan,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
nilinunua mabilingani mawili
kwa bei ya paja la kondoo.
(Purevdorj nilimtajia nusu ya bei. Nusu nyingine
ni siri yangu na muuza mboga.)
"Yakipigwa na baridi hii," muuzaji akanionya,
"yanageuka mawe, kisha maji."
Basi nikayatia ndani ya koti, kifuani,
nikafunga vifungo mpaka kidevuni,
nikatembea polepole juu ya barafu,
mkono mmoja umeyashikilia.
Mlinzi wa jengo letu akanifungulia mlango mwenyewe,
jambo ambalo hajalifanya tangu tuhamie,
akaninong'oneza: "Ana miezi mingapi?"
Nilikosa jibu. Nikasema, "Wako wawili."

Kitabu kinasema: choma moja kwa moja juu ya moto
hadi ganda liwe jeusi.
Moto sina. Nina koili ya umeme
na dirisha tuliloliziba kwa gundi tangu Oktoba.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
nikayaambia, nikayalaza.

Moshi ulianza kwa adabu.
Kisha ukapanda dari, ukateremka,
ukapita chini ya mlango
kwenda kuwasalimu majirani.
Nomin akakohoa, akacheka, akakohoa.
Tsend wa ghorofa ya tatu akaja na ndoo.
Nami nimesimama, koleo mkononi,
nalitazama paja la kondoo likiteketea
mara mbili.

Ndipo Dulmaa akaja,
kofia ya manyoya kichwani kana kwamba anahama.
Akainama. Akanusa.
"Ah," akasema. Neno zima, si mguno.
"Kumbe unaunguza manyoya."

Maana kwao, nyikani, mbuzi kabla hajaliwa
huunguzwa manyoya kwa moto mkali,
ngozi ikaparwa kwa kisu mpaka ing'ae,
na kazi hiyo aliifanya tangu ana miaka tisa.
"Mbona hukusema kwamba linachunwa?"
Akaninyang'anya koleo. Akaninyang'anya kisu.
Akaliparua bilingani kwa mikwaruzo mifupi,
majivu yakidondokea gazeti la jana,
na chini ya weusi ule ikatoka nyama laini,
rangi ya kijivu, inafuka,
inanukia kambi ya mtu mwingine, zamani.

Kitabu kilitaka mafuta ya zeituni.
Alitia mafuta ya mkia wa kondoo.
Kitabu kilitaka punje mbili za kitunguu saumu.
Alitia kichwa kizima.
Ndimu aliitazama tu, akairudisha kapuni.
Kitabu kilisema: chatosha watu sita.
Tulikuwa watano, Tsend akiwemo, na ndoo yake,
na bakuli lilirudi jikoni limepanguswa kwa tambi.

Sikumsikia akiguna.
Nilisubiri mpaka vyombo vikakauka.
Usiku nikafungua daftari niandike "kimya",
nikakuta mwandiko usio wangu,
herufi kubwa, zimekandamizwa
hadi zimetoboa karatasi:
MARA NYINGINE MOTO ZAIDI.

Alhamisi ijayo ni dengu.
Sijamwambia.
Sijui hizo atazichunaje.