Pazia Lisilofika Chini

Siku ya pili ya mafunzo. Moshi, mwezi wa saba,
baridi imeshuka hadi Pasua, tumevaa sweta juu ya sare.
Anaeli, anayetufundisha, anatugeukia sisi wakunga wa zamani:
Mtoto ametoka, analia vizuri, mama ananyanyua kichwa,
"Ni mtoto gani?"
Nawe umetazama, na hujui. Unamjibu nini?

Mmoja akakohoa. Mmoja akasema, Namwita daktari.
Mimi nikakoroga chai iliyokwisha kupoa.

Baada ya mtori akaingia Ndetaramo, fundi cherehani wa Kiboriloni,
futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni.
Mwenye jinsia tata, ndivyo makabrasha yetu yalivyomwita.
Yeye alijiita fundi.
"Nilikuwa na miaka tisa. Pazia la wodi halikufika chini,
nikaviona viatu vikija, nikavihesabu: jozi kumi na moja.
Wote walitazama.
Hakuna aliyeniuliza jina.
Mimi hupima watu kila siku. Humgusi mtu kiuno
kabla hujamwambia, Samahani, inua mikono."

Mwaka haulingani. Wangu alikuwa wa Himo, tena mdogo zaidi.
Lakini pazia nililishika mimi,
nikalivuta pembeni ili wenzangu waone vizuri.

Anaeli akaandika ubaoni: Si kila tofauti ni ugonjwa.
Kisha chini yake, kwa kipande cha chaki kilichobaki:
Kisu kisubiri ulimi wa mwenyewe.
Nikanakili. Mkono ulitetemeka, nikasingizia baridi.

Mwezi wa tisa, saa nane za usiku, leba.
Eliaichi wa Rau ananyanyua kichwa. "Ni mtoto gani?"
Kitabu cha MTUHA kimefunuliwa mezani, ME, KE,
kalamu imelala katikati.
Lugha yetu haijawahi kutudai zaidi ya yeye.
Nikamlaza kifuani pake. Mtoto wako, nikasema,
kilo tatu na robo. Ana njaa.
Kuna jambo sijalijua bado. Tutalijua pamoja, polepole.

Mlangoni tayari wanafunzi wawili, simu zikimulika,
wamesikia.
Nikalivuta pazia mpaka mwisho, nikalibana kwa pini,
na pale chini, lisipofika,
nikasimama na viatu vyangu.